Ukaguzi wa Seli Moja Moja katika Utunzaji wa Betri za Magari ya Umeme ya Kazi

Magari madogo ya umeme yanayobeba watu na mizigo viwandani, hotelini na katika viwanja vya gofu mara nyingi hutumia betri za risasi na asidi, aina iliyobuniwa na Gaston Planté nchini Ufaransa mwaka 1859. Gari la volti 48 huweza kuwa na betri 6 za volti 8 zilizounganishwa kwa mfululizo. Kila betri ina seli 4; hivyo gari zima hutegemea seli 24. Kwa kuwa mkondo uleule wa umeme hupita katika seli zote, udhaifu wa seli moja huathiri gari zima.

Udhaifu huo hauonekani kwa urahisi. Seli iliyojaa chaji na kupumzishwa hutoa takriban volti 2.12, na seli 24 hutoa jumla ya volti 50.9. Seli moja ikishuka hadi volti 1.90, jumla hubaki volti 50.7. Anayepima jumla peke yake huona kuwa betri zote ni nzima. Hata hivyo, gari linapopanda kilima likiwa na mzigo, seli hiyo huishiwa chaji kabla ya nyingine na huharibika zaidi.

Kwa sababu hiyo, ukaguzi hufanywa kwa haidromita, seli baada ya seli, betri zikiwa zimejaa chaji. Uzito mahsusi wa asidi katika seli nzima huwa kati ya 1.26 na 1.28. Seli inayopungukiwa na 0.05 ikilinganishwa na wenzake hutiliwa shaka.

Hatua inayofuata ni kuangalia kimo cha maji. Kinachopotea wakati wa kuchaji ni maji, wala si asidi. Kwa hiyo huongezwa maji yaliyokenekwa pekee. Huongezwa baada ya kuchaji, kwani kimiminika hupanda wakati wa kuchaji na huweza kufurika. Mabamba yakiwa wazi, hufunikwa kidogo kwa maji kwanza, ndipo betri zichajiwe.

Betri ikiachwa bila chaji kwa muda mrefu, fuwele za salfeti ya risasi hugandamana juu ya mabamba na kupunguza uwezo wake. Hivyo gari huchajiwa kila baada ya kazi. Kuchaji hutoa hidrojeni, gesi inayoweza kuwaka ikifikia asilimia 4 ya hewa. Chumba sharti kipitishe hewa na moto usikaribie. Fundi huvaa miwani na glavu za mpira, na huvua pete.

Vipimo vya kila seli vikiandikwa daftarini kila mwezi, seli inayodhoofika hutambuliwa kabla gari halijakwama na mzigo njiani.