Breki za nyuma zinaisha kabla ya za mbele: nani alipe?

KATI ya malalamiko ambayo Waswahili tunaoishi ughaibuni tunayasikia karibu kila wikiendi, iwe msibani, harusini au nje ya msikiti na kanisa, lile la gari kumaliza breki za nyuma mapema limezoeleka kiasi kwamba baadhi yetu wameanza kuliona kama kodi nyingine. Gari halijatimiza miaka miwili, kilomita hazijafika 30,000, na tayari gereji imempigia mwenyewe simu kumwambia kuwa pedi za nyuma zimekwisha na diski zimeliwa. Akiuliza kwa nini, anajibiwa kuwa ni uendeshaji wake. Akiuliza habari ya waranti, anaambiwa breki hazimo.

Jibu la pili lina ukweli ndani yake. Waranti nyingi huzitenga pedi za breki, pamoja na matairi na wipa, kwa hoja kwamba ni vitu vinavyolika kwa matumizi. Hilo la kwanza, la uendeshaji, ndilo linalostahili kuchunguzwa, kwa sababu mara nyingi linatolewa na mtu ambaye hata hajalipandisha gari juu.

Mtu yeyote aliyewahi kusimama ndani ya daladala au matatu anajua kinachotokea dereva akikanyaga breki ghafla. Abiria wote wanaelekea mbele, na wa nyuma wanamwangukia konda. Uzito wa gari nao unafanya hivyo hivyo. Gari likipunguza mwendo, mzigo unahamia kwenye magurudumu ya mbele, na ya nyuma yanakuwa mepesi. Ndiyo maana kwenye gari la kawaida breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi, na ndiyo maana pedi na diski za mbele hutengenezwa kubwa kuliko za nyuma. Mafundi wetu wengi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, walikua na kanuni moja: ukibadilisha za mbele mara mbili, ndipo uanze kuzifikiria za nyuma.

Sasa tufuate hesabu. Dereva mwenye mguu mzito, anayekimbia kisha akasimama kwa fujo, atamaliza breki za mbele kwanza. Kama pedi za mbele bado zina nusu ya unene wake na za nyuma zimefika kwenye chuma, hoja ya mguu mzito haisimami. Kuna jambo jingine linalozila, na jambo hilo ama lilitoka kiwandani, ama limeingia baadaye kwenye kalipa.

Kesi ya Accord

Watengenezaji wa magari wanalijua tatizo hili kwa muda mrefu. Mfano unaofahamika zaidi ni wa Honda Accord za mwaka 2008 hadi 2010 huko Marekani, pamoja na ndugu yake Acura TSX za 2009 na 2010. Wenye magari hayo walilalamika kwa wingi kuwa pedi za nyuma zilikuwa zinaisha kabla ya maili 20,000, yaani kama kilomita 32,000, na wengine hata kabla ya hapo. Walipokwenda kwa wauzaji walipewa lile lile jibu ambalo msomaji wetu analijua.

Mwishowe kesi ya pamoja ilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho huko California. Hoja ya walalamikaji ilikuwa kwamba mfumo wa breki wa magari hayo uligawa nguvu vibaya, ukiyapa magurudumu ya nyuma mzigo kupita kiasi. Kampuni haikukiri kosa, lakini mwaka 2010 pande mbili zilifikia maafikiano yaliyohusu magari zaidi ya laki saba. Wamiliki waliruhusiwa kudai sehemu ya gharama walizotumia kubadilisha pedi za nyuma.

Angalia maneno hayo: sehemu ya gharama, na kwa kudai. Hakuna aliyetumiwa hundi nyumbani bila kujaza fomu. Madai ya namna hii yanataka risiti, na hapo ndipo watu wetu wengi wanapokwama. Aliyemlipa fundi taslimu uani kwa jamaa yake, bila karatasi yenye tarehe, kilomita na kazi iliyofanyika, mbele ya dai kama hilo ni sawa na mtu ambaye hakutengeneza kitu.

Lipo jambo jingine la kujiuliza. Kwa nini suala kama hili huishia kwenye mabishano ya fedha badala ya gari kuitwa kiwandani? Sababu ni kwamba pedi iliyokwisha kwa kawaida hutoa ilani. Ndani yake kuna kijibati kidogo ambacho, pedi ikibaki nyembamba, hugusa diski na kupiga kelele. Magari mengine yana waya unaowasha taa kwenye dashibodi. Gari bado linasimama, ila mwenyewe analipa kila mwaka. Mamlaka za usalama barabarani huangalia zaidi kile kinachoweza kuua, na mfuko wako haumo katika hesabu zao.

Vyanzo vyenyewe

Cha kwanza ni elektroniki. Magari ya leo yana kompyuta inayogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Unapokanyaga taratibu, kama tunavyofanya mara nyingi kwenye foleni, kompyuta inaweza kuyapa magurudumu ya nyuma kazi zaidi kuliko magari ya zamani yalivyofanya, ili pua ya gari isiiname na abiria wasitikiswe. Ongeza mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ambao hukamata gurudumu moja moja bila wewe kugusa pedeli. Mfumo huo umekuwa wa lazima kwa magari mapya madogo Marekani tangu matoleo ya 2012, na Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa magari yote mapya mwaka 2014. Kwa hiyo pedi za nyuma zina kazi ambayo babu zake hawakuwa nayo, lakini mara nyingi bado ni nyembamba vile vile.

Cha pili ni chumvi. Sisi tuliokulia pwani tulidhani tunaijua kutu, kumbe bado. Uingereza na majimbo ya kaskazini ya Marekani humwaga chumvi barabarani kila msimu wa baridi ili barafu iyeyuke. Maji yale ya chumvi huingia kwenye pini ambazo kalipa hutelezea. Pini ikikauka grisi na kushika kutu, kalipa haiteleziki tena. Unapoachia breki, pedi moja inabaki imeikumbatia diski, na gari linakwenda huku linajisaga lenyewe. Dalili zake ziko wazi kwa anayetaka kuziona: pedi ya ndani imekwisha na ya nje bado nzima, au upande wa kushoto umeliwa na wa kulia haujaguswa, au gurudumu moja ni la moto kuliko mengine baada ya safari fupi.

Cha tatu ni breki ya mkono, ambayo kwa magari mengi hukamata magurudumu ya nyuma. Kebo ikikwama kidogo, pedi zinasugua siku nzima na dereva hana habari. Kwenye magari mapya kebo imeondolewa, kuna kitufe na mota ndogo juu ya kalipa. Nayo huja na mkosi wake. Pistoni ya kalipa ya namna hiyo hairudishwi ndani kwa kubanwa kwa nguvu. Lazima kwanza kompyuta iamriwe kuilegeza. Hata zile za kebo, nyingi pistoni yake hurudishwa kwa kuizungusha kama skrubu. Fundi asiyejua hilo akiibana kwa jiriwa, anavunja kitu cha bei kubwa ili afunge kitu cha bei ndogo.

Mara ya tatu kwa kosa lile lile

Dada mmoja ninayemfahamu, anayehudumia wazee majumbani katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza, anaishi ndani ya gari lake. Asubuhi ana nyumba sita, jioni tano, na bila gari hana zamu. Katika miezi isiyozidi kumi na minane alibadilisha pedi za nyuma mara tatu, gereji ile ile. Mara ya kwanza aliambiwa ni kusimama simama kwingi. Mara ya pili aliambiwa aliuziwa pedi za bei rahisi, kwa hiyo alipe za bei ghali. Mara ya tatu aliuziwa na diski.

Alipokwenda kwa fundi mwingine, Msomali mwenye kibanda nyuma ya kituo cha mafuta, yule mzee aliomba kwanza aone pedi zilizotolewa. Dada hakuwa nazo, zilitupwa. Akafungua gurudumu la kushoto nyuma, akajaribu kuisogeza kalipa kwa mkono. Haikusogea. Pini zote mbili zilikuwa zimeganda. Akazitoa, akazisafisha, akazipaka grisi inayostahimili joto, kazi ya chini ya saa moja.

Gereji ile ya kwanza sitaitaja, na si lazima iwe ilikusudia kuiba. Gereji nyingi hulipa mafundi kwa idadi ya kazi, na kubadilisha pedi ni haraka kuliko kuuliza kwa nini zimekwisha. Lakini kuna jambo ambalo dada yule alilisema na ambalo wengi wetu tunalijua: alipojaribu kubisha, aliambiwa arudie sentensi yake mara mbili, mara ya tatu akaona aibu akatoa kadi ya benki. Lafudhi yake ilimgharimu zaidi ya zile pini. Nimeona maprofesa wakinywea namna hiyo mbele ya kaunta ya gereji.

Kwa hiyo msomaji, kabla hujafungua mdomo kubishana, omba namba. Waambie wakuandikie unene wa pedi zote kwa milimita, mbele na nyuma, ndani na nje. Pedi mpya kwa kawaida huwa na kama milimita 10 au zaidi kidogo, na gereji nyingi hupendekeza kubadilisha zikifika 3. Katika ukaguzi wa MOT wa Uingereza, gari linafeli pedi ikiwa chini ya milimita 1.5. Anayekwambia zimekwisha bila kipimo anakupa maoni yake tu. Pili, sema tangu mwanzo kuwa utazichukua pedi za zamani. Ni chafu, zina vumbi, zifunge kwenye mfuko, lakini ndizo ushahidi wako.

Sheria inasemaje

Uingereza, Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inamtaka anayekutengenezea gari afanye kazi kwa uangalifu na ujuzi unaostahili. Kufunga pedi mpya juu ya kalipa iliyoganda ni vigumu kukuita ujuzi. Kama gari ulilinunua kwa mfanyabiashara, sheria hiyo hiyo inakupa siku 30 za kulirudisha likiwa na kasoro, na hadi miezi sita kasoro huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya kuuziwa, isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo. Hapo hapo ieleweke kuwa uchakavu wa kawaida kwa gari la umri ule si kasoro. Ndiyo maana namba za milimita zina thamani. Wauzaji na gereji nyingi ni wanachama wa The Motor Ombudsman, na mlaji hatozwi kitu kupeleka lalamiko huko.

Marekani, sheria ya waranti ya mwaka 1975, ijulikanayo kama Magnuson-Moss, kwa kawaida inamzuia mtengenezaji kuifuta waranti yako eti kwa sababu tu ulifunga pedi za kampuni nyingine au ulikwenda kwa fundi wa mtaani. Wengi wanatishwa na hilo na wanalipa bei ya muuzaji bila sababu. Vile vile malalamiko ya kasoro hupokelewa bure na NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani. Dakika kumi unazotumia kujaza fomu yao huenda zisikurudishie senti, lakini malalamiko yanayofanana yakirundikana, mtengenezaji hawezi tena kusema hajawahi kusikia.

Kwa wanaonunua gari huku ili walipeleke nyumbani, hesabu ni nyingine kidogo. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo mengi yanayosafirishwa sasa tayari yana breki ya mkono ya kitufe. Gari hukaa wiki kadhaa melini na uwanjani bandarini, hewa ya bahari inazila diski, betri inalala, na breki ikiwa imefungwa pedi zinaweza kushikana na diski. Fundi wa Mombasa au Tanga atazibandua, hilo sina wasiwasi nalo. Muulize tu kabla hajaanza kama anayo mashine ya kuilegeza ile mota. Kama hana, mwambie asiguse, na mpeleke gari kwa mwenye nayo. Kalipa moja ya nyuma yenye mota, ukiagiza kutoka nje na kulipia ushuru, inaweza kumeza fedha zote ulizookoa kwa kununua gari huku.