Mvua ya Baridi Humwonea Mwenda Pole

Tarehe 26 Machi 2016, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, Geoffrey Kamworor alianguka mara tu mbio zilipoanza mjini Cardiff, Wales. Alichunika magoti, akainuka akiwa nyuma ya kundi, akaanza kuwafukuza wenzake katika mvua na upepo mkali. Dakika 59 na sekunde 10 baada ya kuanza alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni, sekunde 26 mbele ya Mkenya mwenzake Bedan Karoki na sekunde 49 mbele ya Mo Farah wa Uingereza aliyekuwa akikimbia nchini mwake. Kwa upande wa wanawake, Peres Jepchirchir, Cynthia Limo na Mary Wacera walizikomba medali zote tatu na kuzipeleka Kenya.

Siku hiyohiyo maelfu ya watu wa kawaida walikimbia kwenye barabara hizohizo, wengi wao wakitumia saa mbili na zaidi. Kati ya bingwa mwenye kaptula na fulana nyepesi na karani aliyejifunika koti hadi shingoni, ni nani aliye karibu zaidi na hatari ya baridi? Macho yatamwonea huruma bingwa. Hesabu ya joto inamhofia karani.

Misuli inapofanya kazi, takriban robo tu ya nishati inayoteketezwa hugeuka kuwa mwendo. Iliyobaki hutoka kama joto. Mtu hutumia karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita anayokimbia, awe na kasi au asiwe nayo. Kwa hiyo wakimbiaji wawili wa kilo 60 huteketeza karibu nishati ileile katika kilomita 21.1, takriban kilokalori 1,270. Tofauti iko kwenye muda. Anayemaliza kwa saa moja huzalisha joto la zaidi ya wati 1,000. Anayemaliza kwa saa mbili na nusu huzalisha wati 450 hivi. Akichoka na kuanza kutembea, hushuka hadi wati 200 na kitu. Akisimama kabisa, hubaki na wati 100 tu.

Ndiyo maana baridi kavu humfaa mkimbiaji. Mwili hupambana kubaki karibu na nyuzi 37 za Selsiasi, na anayezalisha joto jingi namna hiyo huhitaji mahali pa kulitupa. Asubuhi ya nyuzi 8 isiyo na upepo ni neema kwake, na wanariadha wanaojinoa Kaptagat, kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa, wanaijua vizuri. Matatizo huanza baridi inapokuja na wenzake wawili, maji na upepo.

Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Nguo kavu hutukinga kwa sababu nyuzi zake hushikilia hewa. Zikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa hiyo na kinga huporomoka. Isitoshe, kila lita ya maji inayokauka kutoka kwenye ngozi au kwenye nguo iliyoigandama huondoka na kilokalori 580 hivi. Kwenye joto la Mombasa, jasho linalokauka ndilo humwokoa mkimbiaji. Cardiff mwezi Machi, hali hiyohiyo humfilisi.

Upepo nao hufagia tabaka jembamba la hewa vuguvugu linalozunguka ngozi, kama pumzi ya anayepuliza uji wa moto. Wamarekani Paul Siple na Charles Passel walilichunguza jambo hili Antaktika mwaka 1941 kwa kupima muda ambao maji katika chombo cha plastiki yalichukua kuganda chini ya pepo za kasi mbalimbali. Marekani na Kanada zilianza kutumia kanuni mpya ya kukadiria baridi ya upepo mwaka 2001, na kwa mujibu wake, hewa ya nyuzi 5 yenye upepo wa kilomita 30 kwa saa huipoza ngozi kana kwamba ni nyuzi 0. Kanuni hiyo inahesabu ngozi kavu. Aliyelowa yuko pabaya zaidi.

Mtu aliyetuunganishia mambo haya vizuri ni Griffith Pugh, mwanafiziolojia Mwingereza aliyekuwa katika msafara uliofika kilele cha Everest mwaka 1953. Machi 1964, vijana watatu wa skauti walikufa kwa baridi katika matembezi marefu ya Four Inns, kwenye vilima vya kaskazini mwa Uingereza. Pugh alizipima katika maabara nguo za aina waliyovaa, akaona kwamba zikilowa na kupigwa na upepo hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kutunza joto. Aligundua pia kwamba mtu mwenye nguvu anaweza kuhimili hali hiyo maadamu anaendelea kufanya kazi kwa bidii. Uchovu ukimpunguzia mwendo, joto linalozalishwa huwa dogo kuliko linalopotea, na mizani hupinduka.

Kuanzia hapo baridi hujilisha yenyewe. Mishipa midogo ya damu ya vidole hujibana ili joto libaki kifuani. Misuli iliyopoa hujikunja polepole na kwa nguvu ndogo, hivyo kasi hushuka, na kasi ikishuka joto hupungua tena. Mwili huanza kutetemeka, na mtetemeko huo huunguza akiba ileile ya sukari ambayo miguu ilikuwa ikiitegemea. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, tayari ni haipothemia. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Kwenye mvua ya baridi, mwenda pole ndiye anayejikwaa.

Msiba mkubwa wa aina hii ulitokea mkoani Gansu, China, tarehe 22 Mei 2021. Katika mbio za kilomita 100 milimani, mvua ya mawe na upepo viliwakuta wakimbiaji 172 kwenye mwinuko ambako haiwezekani kukimbia, wengi wakiwa na kaptula na fulana. Walikufa watu 21, na baadhi yao walikuwa miongoni mwa wakimbiaji hodari wa China. Mlima uliwanyang'anya kasi, na kasi ndiyo iliyokuwa koti lao.

Upepo hudai nguvu pia. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa kasi: anayekimbia kilomita 20 kwa saa dhidi ya upepo wa kasi kama hiyo hukutana na ukinzani mara nne ya ule wa siku tulivu. Pugh huyohuyo aliwahi kupima faida ya kujificha, akakuta kwamba kukimbia mita moja nyuma ya mwenzako huondoa takriban asilimia 80 ya gharama ya ukinzani huo. Kukaa ndani ya kundi, basi, ni kuweka akiba.

Anayekwenda kukimbia kwenye hali kama hiyo avae kwa kufikiria kilomita ya 18. Nguo ya ndani iwe ya polista au sufu, kwa kuwa pamba hunywa maji na kuyang'ang'ania. Koti jepesi la kuzuia upepo lina thamani kuliko sweta nene litakalolowa. Mfuko mkubwa wa taka uliotobolewa matundu matatu humkinga anayesubiri kuanza. Na mfuko wa nguo kavu uwe karibu na mstari wa kumalizia, maana hapo ndipo tanuri huzimwa ghafla: wati mia kadhaa huwa 100 ndani ya dakika chache, huku nguo zilizolowa zikiendelea kunyonya.

Usimsubiri aliyezidiwa na baridi aombe msaada. Ubongo uliopoa hupoteza busara mapema, na anayeyumba huku ulimi ukiwa mzito anaweza kuapa kwamba hana neno. Mwambie afunge zipu ya koti lake. Akishindwa, mwingize ndani, mvue nguo zilizolowa, mfunike, na usibishane naye kuhusu kilomita zilizobaki.