Bobini ya Fundi wa Saa

Sogeeni karibu. Leo sisimulii habari za sungura wala fisi. Nasimulia chombo kidogo kinachoenea kiganjani, ili siku mtakapokishika dukani mjue mmeshika nini.

Mmewaona wavuvi wa mshipi, pwani au ziwani. Mvuvi huzungusha chubwi hewani, huliachia, na nailoni aliyoikunja miguuni hufunguka duara moja moja ikifuata ndoana. Sasa wazieni bobini kama ile ya cherehani, lakini nene, imelazwa juu ya ufito na uzi wote umo ndani yake. Ukirusha, bobini inazunguka na kuachia uzi. Ukizungusha hendeli, uzi unarudi. Chombo hicho huitwa rili. Zipo za namna nyingi, na hii yenye bobini iliyolazwa ndiyo inayomtesa zaidi anayeanza. Ukiizoea, utaangusha chambo penye kivuli cha jani ulilolilenga.

Ilianzia Kentucky, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19. Mito ya huko ina samaki aitwaye besi, mlafi wa visamaki. Wavuvi walitaka kumrushia kisamaki hai kikiwa ndoanani, kisha kuurudisha uzi upesi. Katika mji uitwao Paris, huko huko Kentucky, aliishi fundi wa saa, George Snyder. Fundi wa saa anayajua meno ya giya kama mama anavyoyajua meno ya mwanawe. Anajua kwamba gurudumu kubwa likisukuma dogo, dogo litazunguka mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa kubwa. Snyder akaitia siri hiyo ndani ya rili. Baada yake wakaja ndugu wawili, Jonathan na Benjamin Meek wa Frankfort, Kentucky, nao pia mafundi wa saa. Rili zao zinatafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale hadi leo.

Sikilizeni na hili. Huko Svängsta, Uswidi, mwaka 1921 kilianzishwa kiwanda cha saa, ambacho baadaye kikatengeneza mita za teksi. Vita Kuu ya Pili ikaja, petroli ikawa adimu, na soko la mita za teksi likaanguka. Mafundi wale wakageukia rili. Mwaka 1952 wakatoa rili nyekundu ya mviringo, Ambassadeur 5000, na rili za umbo lile zinauzwa mpaka sasa chini ya jina la Abu Garcia.

Ndiyo maana nawaambia: anayenunua rili ananunua meno. Rangi na michoro ya ubavuni msiiangalie kwanza. Ulizeni giya kubwa limetengenezwa kwa madini gani. Shaba ya manjano ni nzito kidogo, lakini huvumilia miaka mingi ya kuvuta. Giya la alumini ni jepesi, na kwa samaki wazito meno yake huwahi kulika. Halafu tazameni fremu. Ya chuma au alumini haipindi samaki anapovuta. Ya plastiki ngumu haili kutu na bei yake ni nafuu, ila samaki mkubwa akiing'ang'ania hujipinda, meno yakaacha kukutana sawasawa. Hapo ndipo uharibifu unapoanzia.

Muuzaji atakuhesabia beringi: kumi na moja, mbele yake alama ya kujumlisha na moja tena! Ile moja ya mwisho ni ya kuzuia hendeli isirudi nyuma. Beringi nne zilizo imara nazipenda kuliko kumi za ovyo. Atakutajia pia namba kama 6.3:1. Maana yake ni kwamba ukizungusha hendeli mara moja, bobini inazunguka mara sita na kidogo. Namba ikipanda, uzi unarudi haraka lakini mkono unachoka mapema. Kwa anayeanza, sita na ushei inatosha kabisa.

Sasa tuje kwenye mateso yenyewe. Unaporusha, chambo hutoka kwa kasi, kisha hewa hukipunguza mwendo. Bobini haina habari. Inaendelea kuzunguka, inatema uzi usio na pa kwenda, na uzi unafura na kujisokota mpaka unafanana na kiota cha ndege. Nimewaona watoto wakilia juu ya kiota hicho, na sikuwalaumu. Kwa sababu hiyo rili ina breki. Nyingine zina vipande vidogo ndani ambavyo mzunguko huvitupa nje, vikasugua ukuta na kupunguza kasi. Nyingine zina sumaku, na hizi hunistaajabisha kila mara: sumaku haiigusi bobini ya alumini hata kidogo, lakini bobini inapozidi kasi, nayo sumaku inazidi kuizuia. Mkono wa anayeanza utashukuru zaidi ukipata ya sumaku, kwa sababu unairekebisha kwa kuzungusha kitufe cha nje, bila kufungua kitu. Hata hivyo breki kuu ni kidole gumba, kikae juu ya bobini na kuibana chambo kinapokaribia kugusa maji.

Marekani, rili nzuri ya kuanzia hupatikana kwa chini ya dola 100. Ukiona ya bei ya chini sana, zungusha hendeli taratibu huku umefumba macho. Meno yakikwaruza, rudisha. Itikise hendeli, ichezeshe bobini ubavuni. Kisha uliza kama vipuri vyake vipo, kwa maana rili isiyo na vipuri huishia kabatini siku skrubu moja inapopotea.

Maji ya chumvi hula hata chombo cha gharama. Ukitoka baharini, isuuze rili kwa maji baridi yanayotiririka polepole, ifute, iache ikauke kivulini, kisha tia tone moja la mafuta kwenye beringi. Tone moja tu.

Kabla hujaenda majini, funga nati nzito kiasi kwenye ncha ya uzi, weka beseni uwanjani hatua ishirini mbali nawe, na urushe jioni baada ya jioni, mpaka nati iite ndani ya beseni.