Duka Chini, Makao Juu

Apitaye mitaa ya Hurumzi na Kiponda, katika Mji Mkongwe wa Unguja, huziona nyumba za ghorofa mbili au tatu zenye milango ya maduka chini na roshani za mbao juu. Nyingi zilijengwa katika karne ya 19 na wafanyabiashara, hasa wenye asili ya Kihindi, waliouza bidhaa zao ghorofa ya chini na kuishi na jamaa zao juu yake. Leo nyumba nyingi za namna hiyo zimegawanywa vyumba, na ndani ya mlango mmoja hukaa familia kadhaa. Tunayoyasema leo yanawahusu hao wakaao humo, pamoja na viongozi waliokabidhiwa dhamana ya nyumba hizo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali ilizitwaa nyumba nyingi za mji huo, na wananchi waliokosa makao bora wakapangishwa humo. Lilikuwa jambo la haki, wala hatulijutii. Hata hivyo, nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja na bohari yake haikutayarishwa kupokea majiko matano. Vyoo na mabomba yaliongezwa ghorofani, mara nyingi bila mpango, na hapo ndipo maradhi ya nyumba yalipoanzia.

Yafaa ieleweke nyumba hizi zilivyojengwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Ukuta wa chokaa hupumua: hunywa unyevu na kuutoa. Bomba la juu likivuja, maji huteremkia ukutani, ncha ya boriti ikaloa na kuoza mahali pasipoonekana na mtu. Fundi asiyejua akija kupaka saruji, huufungia unyevu ndani. Kwa nje ukuta unang'aa, na kwa ndani boriti inaliwa.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba la Beit el Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba la fahari ya taifa limepatwa na msiba huo, itakuwaje nyumba ya uchochoroni ambayo kodi yake haitoshi hata kununua chokaa?

Wapo wanaoona kwamba dawa ni kuzigeuza nyumba zote kuwa hoteli. Hatuwabezi; wageni huleta fedha, na majengo kadhaa yameokolewa kwa njia hiyo. Lakini Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, haukupata heshima hiyo kwa mawe peke yake. Mji wasiosikika watoto wakitoka chuoni, wala wazee wakizungumza barazani, ni ghala la makumbusho.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kodi ya nyumba za Serikali na za Wakfu itengwe sehemu maalumu, irudi katika paa na mabomba ya nyumba iliyotozwa. Pili, wakaao nyumba moja waunganishwe kisheria. Bara ilitunga sheria ya umiliki wa sehemu za jengo mwaka 2008. Msingi wa umiliki wa namna hiyo ni kwamba chumba ni cha mtu, lakini ngazi, paa na ukuta ni vya wote, na gharama zake ni za wote. Mpangaji naye apewe sauti katika umoja huo, maana ndiye wa kwanza kuliona tone la maji.

Tatu, ni suala la mbao. Mikoko haiwezi kukatwa kama zamani bila kuiangamiza pwani yetu. Ndugu zetu wa bonde la Kilombero, upande wa Ifakara na Mbingu, wanaishi jirani na mashamba makubwa ya misaji yaliyoanza kupandwa katika miaka ya 1990. Msaji haushindwi upesi na mchwa wala maji, na mafundi wetu waufahamu tangu enzi za milango ya nakshi. Serikali zetu mbili zione uwezekano wa kuufikisha Unguja kwa bei ambayo mtu wa kawaida ataimudu.

Mamlaka ya kuuhifadhi mji huo ipo tangu mwaka 1985, na wataalamu wapo. Kinachotakiwa ni ukaguzi wa nyumba hadi nyumba kabla ya masika, wala si baada ya kilio. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba hizi, ukuta ukianguka huanguka na watu wake.