Mchoraji Alisimama Wapi?

Wanaoniletea picha za kale za pwani yetu huniuliza bei kwanza. Mimi huichukua picha, nikaitoa kwenye fremu, nikaigeuza.

Picha nyingi za Unguja, Mombasa au Bagamoyo zinazouzwa leo kama mapambo ya ukutani zilikuwa kurasa za magazeti. The Illustrated London News lilianza kutoka kila wiki mwaka 1842, na The Graphic likafuata mwaka 1869. Ukurasa halisi, basi, kwa kawaida una habari nyingine nyuma yake: mijadala ya bunge, tangazo la kifo cha bwana fulani, hata fumbo la sataranji. Kurasa za katikati mara nyingine ziliachwa tupu, lakini nyuma ikiwa tupu na karatasi nyeupe pe, nenda kaazime kioo cha sonara. Nakala ya kisasa ikikuzwa huonyesha vitone vidogo vilivyojipanga kama punje za mtama. Ya asili huonyesha mistari, na kila mstari umekatwa kwa mkono.

Kioo kikiwa bado mkononi, tafuta pia mstari mweupe mwembamba unaokata mbingu, jahazi na watu bila kujali chochote. Wanunuzi wengi huudhani kasoro. Mimi nikiuona hufurahi. Picha hizi zilichongwa kwenye mbao za mti mgumu sana wenye shina jembamba, usioweza kutoa ubao wa kutosha ukurasa mzima. Mafundi waliunganisha vipande vidogo kwa skrubu kwa nyuma. Habari ikiwa ya haraka, ubao ulifunguliwa, kila mchongaji akapewa kipande chake achonge usiku kucha, kisha vikafungwa tena na fundi mmoja akasawazisha maungio. Pale ambapo maungio hayakukutana sawasawa, wino haukushika. Huo ndio mstari mweupe.

Kabla ya wachongaji hao kulikuwa na mkono mwingine. Mara nyingi mchoro wa kwanza ulipigwa na ofisa wa jeshi la majini, akautuma London kwa barua. Huko msanii wa gazeti aliuchora upya juu ya ubao, naye huenda hajawahi kuuona mnazi. Si ajabu ukakuta minazi iliyofanana na mitende, au jahazi lenye tanga ambalo nahodha wa Nungwi angelicheka mpaka akae chini.

Kwa hiyo swali ninalolipenda kuliko la bei ni hili: mchoraji alisimama wapi? Ukiuona Mji Mkongwe umechorwa kutoka baharini, jua huyo alikuwa sitahani. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za Waingereza zililipiga mizinga kasri la Unguja, na kabla ya saa nne asubuhi kazi ilikuwa imekwisha. Watu takriban 500 wa upande wa Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitangaza sultani, walikufa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia vibaya baharia mmoja. Kutoka sitahani huonekana moshi na kuta. Aliyelala chini ya kifusi haonekani.

Wengine hawakusimama popote. Mwaka 1572 Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa huko Cologne juzuu ya kwanza ya mkusanyiko wao wa picha za miji ya dunia. Katika ukurasa mmoja wameweka Aden, na pamoja nayo Mombasa, Kilwa na Sofala. Miaka 67 ilikuwa imepita tangu Mreno Francisco de Almeida aivamie Kilwa na kuiteketeza Mombasa, na miji unayoiona hapo imepita kwenye macho ya Ulaya kabla ya kufika kwenye bamba la shaba. Braun aliweka sanamu za watu mbele ya miji, akieleza kwamba zingewazuia Waturuki kuzitumia picha hizo vitani, kwa kuwa dini yao haiwaruhusu kutazama sura za watu. Anayejua Uislamu kwa kiasi hicho ndiye aliyewaonyesha Wazungu picha ya Kilwa! Hata hivyo ningeupata ukurasa huo ningeununua leo. Lugha ya maandishi ya nyuma, Kilatini, Kijerumani au Kifaransa, hukusaidia kujua ni wa toleo gani.

Wa tatu alisimama karibu zaidi. Charles Guillain, ofisa wa majini wa Ufaransa, alizunguka pwani hii kati ya 1846 na 1848 akiwa na mtambo wa picha wa enzi zile, na baadhi ya picha za albamu yake zilichorwa juu ya mawe kwa kufuata picha za mtambo huo. Nyuso zake ni za watu, si za vikaragosi. Kwangu mimi, karatasi moja ya Guillain inashinda kumi za mizinga.

Rangi zisikubabaishe. Kurasa za magazeti yale ya London kwa kawaida zilitoka kwa wino mweusi, na nyingi zimepakwa rangi baadaye na wauzaji ili ziwapendeze watalii. Wauzaji haohao huvichana vitabu vizima kwa sababu kurasa moja moja zinaleta fedha zaidi. Inaniuma, na ukurasa ulioachanishwa na kitabu chake umepoteza nusu ya ushahidi.

Hali ya hewa yetu nayo haina huruma. Usitumie selotepu wala gundi, usiitundike picha kwenye ukuta unaopigwa na jua, na kadibodi ya kawaida nyuma ya fremu itaiachia madoa ya kahawia. Fundi wa fremu akitaka kupunguza kingo ili picha ikae vizuri, mkatalie: chini pale ndipo penye jina la mchoraji, tarehe na maelezo.

Na kama una mzee nyumbani anayeitambua nyumba, bandari au vazi lililomo kwenye picha, andika anachosema kwenye karatasi ya pembeni, pamoja na tarehe, na uihifadhi pamoja nayo.