AFYA YAKO: Kinga ya Mwili Hujengwa Nyumbani

Ndugu wasomaji wa Nachingwea na Ruangwa, leo tuzungumze juu ya kinga ya mwili.

Watu wengi hufika zahanati wakiuliza dawa ya kuongeza kinga. Wengine wamekwisha nunua chupa gulioni. Wameambiwa kwamba kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni kinazuia maradhi yote. Fedha imekwenda, na mtoto bado anakohoa.

Jibu ni hili. Dawa moja ya kuzuia maradhi yote haipo. Kinga hujengwa kidogo kidogo, kila siku. Hujengwa kwa chakula, usingizi, usafi na chanjo. Vitu vingi vya kujengea kinga tunavyo hapa hapa kwetu. Taabu ni kwamba vingine tunaviuza vyote, na vingine tunaviacha vioze chini ya mti.

KINGA NI NINI?

Mwili wako ni kama kijiji. Maadui zake ni vijidudu vya maradhi. Ni vidogo mno, huwezi kuviona kwa macho. Vimo katika maji machafu, katika kinyesi, katika makohozi, na vingine huletwa na mbu.

Kijiji kina boma. Boma la mwili ni ngozi, na utando laini ulio ndani ya pua, koo, mapafu na tumbo. Boma likiwa zima, maadui wengi hawapiti.

Adui akipita boma, hukutana na askari. Askari hawa wamo katika damu. Huitwa chembechembe nyeupe za damu. Wengine hummeza adui. Wengine hutengeneza silaha za kumshika. Wengine hukumbuka sura yake, ili akirudi siku nyingine wamtambue upesi.

Askari asiyekula hawezi kupigana. Askari asiyelala hawezi kupigana. Na askari asiyefundishwa huchelewa kumjua adui. Tuyatazame mambo haya moja moja.

CHAKULA CHA ASKARI

Ugali wa muhogo au wa mahindi hutia nguvu. Lakini ugali peke yake haujengi askari. Askari hujengwa kwa kunde, choroko, mbaazi, njugumawe, karanga, mayai, dagaa, samaki na nyama.

Boma nalo lina chakula chake. Utando wa macho, koo, mapafu na tumbo huhitaji vitamini A. Vitamini hii hupatikana katika kisamvu, mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, maembe mabivu, papai bivu na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Mboga za majani hufaa zaidi zikiungwa kwa karanga, ufuta, korosho au nazi, kwa sababu vitamini A huingia mwilini vizuri ikiwa pamoja na mafuta. Mama anayetwanga kisamvu na kukiunga kwa karanga anafanya kazi ya kitaalamu. Akumbuke tu kukitwanga vizuri na kukichemsha sana, maana kisamvu kibichi kina sumu.

Tunda letu jingine ni bibo. Kila msimu wa korosho tunakata korosho, na mabibo mengi tunayaacha chini. Kumbe kwa uzito ule ule, bibo bivu lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, tena mara kadhaa. Vitamini C huwasaidia askari wa mwili na huponyesha vidonda. Lioshe, likate vipande, tia chumvi kidogo kupunguza ukali wake kooni, umpe mtoto. Usilisubiri mpaka liwe uraka. Pombe nyingi hudhoofisha kinga, iwe uraka, gongo au bia ya dukani.

MTOTO ALIYEPUNGUKIWA HUFA KWA SURUA

Pengine utauliza: Je, ni kweli majani na matunda yanaweza kuokoa maisha? Ushahidi mmoja umetoka hapa hapa Tanzania.

Huko Mvumi, Mkoa wa Dodoma, kuna hospitali. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa katika makundi mawili. Wengi wao walikuwa na upungufu wa vitamini A. Wakati huo haikujulikana kwa hakika kama kuwapa vitamini hiyo kungewasaidia. Wote walipata matibabu ya kawaida. Watoto 88 waliongezewa vitamini A, na watoto 92 hawakuongezewa.

Taarifa ilichapishwa mwaka 1987. Katika kundi lililoongezewa vitamini A walikufa watoto 6. Katika kundi la pili walikufa watoto 12. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa chini ya miaka miwili.

Mwaka 1990 ilitoka taarifa nyingine kutoka Cape Town, Afrika Kusini. Huko walikuwapo watoto 189 wenye surua kali. Kati ya 92 waliopewa vitamini A walikufa 2. Kati ya 97 wasiopewa walikufa 10. Ndiyo maana siku hizi mtoto mwenye surua hupewa vitamini A. Na ndiyo maana watoto wetu wa chini ya miaka mitano hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Siku ya matone ikitangazwa, mpeleke mtoto. Lakini matone hayachukui nafasi ya mboga za kila siku.

Mtoto wako akianza kutoona vizuri jioni, akijikwaa giza linapoingia, usiseme ni uzembe. Huenda amepungukiwa vitamini A. Mlete zahanati upesi.

TUSIUZE KINGA YETU KWENYE GUNIA

Hapa wazee wangu mniwie radhi, mimi ni kijana wenu. Lakini jambo hili lazima lisemwe.

Mavuno yakiingia tunauza ufuta, mbaazi na choroko. Baadaye tunauza korosho kwenye minada ya RUNALI. Fedha inaingia. Hununuliwa bati, baiskeli na nguo, na hilo ni jema. Sherehe za jando na unyago nazo zina heshima yake. Lakini ikifika Januari, ghala limebaki muhogo mtupu. Mvua inanyesha, mbu wamejaa, maji ya visima yamechafuka, na kazi ya palizi ni nzito. Adui anashambulia kwa nguvu wakati ule ule ambao askari wetu wana njaa.

Tupige hesabu. Debe moja la kunde lina kilo 18 hivi. Nyumba ikipika robo kilo kila siku, debe moja linatosha siku 72. Ukianza tarehe 1 Januari, linakufikisha katikati ya Machi. Madebe mawili yanatosha siku 144, yaani mpaka mwezi wa Mei. Wakati huo chakula kipya kimeanza kutoka shambani.

Kwa hiyo kabla ya kupeleka gunia sokoni, baba na mama wakae pamoja. Watenge madebe mawili ya kunde, choroko au mbaazi. Wayaanike vizuri, wachanganye na majivu yaliyochekechwa kuzuia wadudu, wayafunge na kuyaweka juu pakavu. Hayo hayauzwi. Hata fedha ya mnada ikiingia, soda na biskuti hazijengi mwili wa mtoto. Kuku watatu wanaotaga watamfaa zaidi.

MAZIWA YA MAMA

Mtoto mchanga huanza maisha na askari wachache. Mama humwazima wake kwa njia ya maziwa. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya manjano yaitwayo dang'a, yamejaa kinga. Yasikamuliwe na kumwagwa. Mtoto anyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa.

Miezi sita ya kwanza mtoto anyonye maziwa ya mama tu. Asipewe maji wala uji. Baada ya hapo aanze vyakula vingine, laini na vya mchanganyiko, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

USINGIZI NA CHANDARUA

Mtu anapolala, mwili hutengeneza palipoharibika na askari hupata nguvu. Mtu mzima anahitaji kulala saa saba au zaidi kila usiku. Mtoto anahitaji saa nyingi zaidi.

Najua wengi wetu hulala dunguni wakati wa kilimo, kuwinga nguruwe na nyani wasimalize mazao. Basi gawaneni zamu, mtu mmoja asikeshe kila usiku. Na chandarua kisibaki nyumbani kikilinda kitanda kitupu. Kiende dunguni pamoja nanyi. Malaria humaliza damu, na mtu asiye na damu hushindwa hata na ugonjwa mdogo. Chandarua ni cha kulalia. Kisitumike kuvulia samaki wala kuzungushia bustani.

USAFI HUWAPUNGUZIA ASKARI KAZI

Mwaka 1973 lilikuwapo somo la redio lililoitwa "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Wazee wetu wengine walikuwamo. Somo lile halijazeeka.

Nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, na kabla ya kupika, kula au kumlisha mtoto. Kama sabuni hakuna, tumia majivu. Chemsha maji ya kunywa. Tumia choo, na kifunike. Vaa viatu, maana safura huingilia kwenye nyayo na kunyonya damu tumboni. Usikojoe mtoni wala bwawani, kwa kuwa ndiyo njia ya kueneza kichocho. Mtoto anayeharisha kila mwezi hawezi kunenepa hata akila vizuri.

Jikoni toa moshi. Fungua dirisha, au pikia mahali penye hewa. Moshi wa kuni na moshi wa sigara huharibu boma la mapafu. Usimbebe mtoto mgongoni ukiwa umeinamia moto wenye moshi.

CHANJO NI MAFUNZO YA KIVITA

Wazee wa Nachingwea wanakumbuka kwamba wapiganaji wa FRELIMO walifundishwa hapa, kabla Msumbiji haijapata uhuru wake mwaka 1975. Hawakusubiri wafike mbele ya bunduki ndipo wajifunze. Walifundishwa kwanza.

Chanjo hufanya hivyo hivyo. Huwaonyesha askari wa mwili sura ya adui aliyekwisha kudhoofishwa au kuuawa. Adui wa kweli akija, wanamjua. Ndui iliwaua watu wengi na kuwaachia wengine makovu usoni. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977. Mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kwamba ndui imekwisha. Iliondolewa kwa chanjo.

Mtoto aanze chanjo mara anapozaliwa. Kisha arudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Wengi husahau hiyo ya miezi 18. Tazama kadi leo.

PALE CHAKULA PEKE YAKE HAKITOSHI

Upo ugonjwa unaowashambulia askari wenyewe. Ni UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini. Mtu mwenye virusi hivyo anahitaji chakula bora kama wengine, lakini chakula, mlonge au dawa ya gulioni haviwezi kuua virusi. Anahitaji dawa za kupunguza makali, kila siku, bila kuacha. Katika vituo vya serikali hutolewa bure. Akizitumia vizuri, askari wake huongezeka tena, naye hulima na kulea watoto wake. Kupima ndiyo njia ya kujua.

Hata mwenye kinga nzuri huugua. Usikae nyumbani ukisema "kinga yangu itapambana". Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Mtoto anayehema haraka, anayeshindwa kunyonya, aliyelegea au aliyepata degedege, asicheleweshwe hata saa moja. Mtu mzima anayekohoa wiki mbili apimwe kifua kikuu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Askari wa mwili wanakaa wapi, na wanafanya kazi gani?
2. Kwa nini kisamvu kinafaa zaidi kikiungwa kwa karanga?
3. Nyumbani kwako mlibakiza madebe mangapi ya kunde au choroko msimu uliopita? Yalifika mwezi gani?
4. Mtoto wako amepata chanjo ya miezi 18?
5. Katika kijiji chenu, mabibo yanatumikaje?

Ndugu msomaji, msomee makala hii jirani asiyejua kusoma. Kisha kabla hujalala leo, fanya jambo moja tu kati ya haya: tenga debe, tazama kadi ya mtoto, au tundika chandarua. Kesho fanya la pili.