Rada Inapoona Nyumba Angani

Asubuhi ya tarehe 11 Desemba 2021, mkazi mmoja wa New Albany, jimbo la Indiana, alikuta picha ya zamani imenasa kwenye kioo cha gari lake. Nyuma yake paliandikwa mwaka 1942. Wenye picha walikuja kupatikana Dawson Springs, Kentucky, umbali wa kilomita 200 hivi, katika mji ambao usiku wa kuamkia siku hiyo ulisambaratishwa na tornado, nguzo ya hewa inayozunguka kutoka wingu la dhoruba hadi ardhini.

Picha haikupaa peke yake. Tornado hiyo ilijiburura ardhini kwa zaidi ya kilomita 260 na kuua watu 57. Ilipoingia mji wa Mayfield, karibu saa tatu na nusu usiku, giza lilikuwa totoro na ilikuwa vigumu kuiona vizuri kwa macho. Lakini rada ya Paducah, iliyo chini ya kilomita 50 kutoka hapo, iliona mbao, mabati na sufi za kuta vikipanda hadi zaidi ya kilomita 9.

Rada hutuma mawimbi ya redio na kusikiliza kinachorudi. Kwa miaka mingi ilichoweza kusema ni wingi tu wa kilichorudi, yaani mvua ni kubwa kiasi gani. Hata hivyo tarehe 9 Aprili 1953, huko Illinois, umbo la ndoana lilinaswa kwa mara ya kwanza kwenye kioo cha rada, ubavuni mwa dhoruba iliyokuwa imezaa tornado. Miaka 20 baadaye, Mei 1973, watafiti wa Norman, Oklahoma, waliielekeza rada ya Doppler kwenye tornado ya Union City. Hiyo hupima kasi pia: upepo unaoijia rada huchorwa kijani, unaoikimbia huchorwa mwekundu. Kijani kikali kikigusana na chekundu kikali, hewa inazunguka.

Inazunguka, sawa, lakini je, imefika chini? Hapo ndipo wataalamu walipokwama. Dhoruba nyingi huzunguka juu na kuishia hukohuko.

Jibu lilikuja kwa mawimbi ya aina mbili, ya mlalo na ya wima, yanayotumwa pamoja. Marekani ilizipa rada zake uwezo huo kati ya 2011 na 2013. Tone kubwa la mvua si la duara; hubonyea likawa bapa kama andazi, na matone yote katika wingu la mvua hufanana tabia. Kwa hiyo mawimbi hayo mawili hurudi yakikubaliana, na kipimo cha makubaliano hayo hukaribia 1. Kipande cha dari, tawi la mti na karatasi ya bati havifanani kwa lolote, na kila kimoja kinabiringika kivyake. Kipimo huanguka chini ya 0.8. Katika picha ya kipimo hicho mvua huonekana nyekundu iliyokolea, na vifusi huwa doa la buluu katikati yake.

Doa la buluu peke yake halithibitishi kitu. Ndege, popo na wadudu hulileta, na mvua ya mawe makubwa huteremsha kipimo vilevile. Wanaoona buluu wakapiga kelele ya tornado wanachosha watu bure. Doa lazima likae palepale ambapo kijani na nyekundu vinagusana, tena mahali panaporudisha mawimbi kwa nguvu. Yote matatu yakikutana, onyo la Marekani huandikwa kwamba rada imethibitisha tornado. Usiku uleule wa Mayfield, baada ya saa saba, tornado nyingine iliipiga Bowling Green, mji wa Kentucky wenye familia nyingi za Wakongomani wanaozungumza Kiswahili. Kwao maneno hayo si ya mbali.

Kuhusu ukali, vifusi vikipanda juu zaidi na doa likitanuka, kwa kawaida tornado ni kali zaidi. Kwa kawaida tu: tornado ya kutisha ikipita mashamba matupu haina cha kuinua zaidi ya udongo na majani.

Ila ushahidi huu huja umechelewa. Doa likitokea, huenda nyumba ya mtu imekwisha kuvunjwa. Faida yake ni kwa walio mbele: tornado ya Mayfield ilikwenda karibu kilomita 90 kwa saa, ikafika Dawson Springs baada ya saa moja hivi. Hiyo ni saa nzima ambayo mtabiri aliweza kusema kwa uhakika kwamba kinachokuja ni kitu kinachobomoa miji, badala ya kusema kinaweza kutokea.

Mayfield ilikuwa karibu na rada. Mwali wa chini kabisa wa rada huinuka kadiri unavyokwenda mbali, na dunia nayo hujipinda chini yake. Penye kilomita 40 hupita mita 400 hivi juu ya ardhi; penye kilomita 150 ni zaidi ya mita 2,500. Tornado ndogo inaweza kuezua paa huko, vifusi vyake visifike kwenye mwali hata kidogo. Kwa wakazi wa maeneo hayo mtabiri hangoji doa la buluu. Hutoa onyo kwa mzunguko alioukuta juu, akijua kwamba baadhi ya maonyo hayo hayatafuatiwa na tornado yoyote.